Kupendeza kwa nguo za Owino si kuvisaliti viwanda vyetu

Kila viongozi wa Afrika Mashariki wanapozungumzia kufufua viwanda vya nguo, lawama humwangukia mtu yuleyule: mnunuzi wa mitumba. Huambiwa kwamba shati lake la bei ndogo ndilo lililoua kiwanda, kwamba hajithamini, kwamba anavaa mabaki ya watu. Mimi naliona jambo hili kwa namna nyingine. Mfanyabiashara anayevuka mpaka akiwa nadhifu, kwa nguo alizozichagua Owino na kuzipitisha kwa fundi, hajamsaliti mtu yeyote. Amefanya hesabu ambayo serikali zetu bado hazijaimaliza.

Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, lilianza mwaka 1971 katikati ya Kampala, jirani na uwanja wa Nakivubo. Limeungua moto mkubwa zaidi ya mara moja, ukiwemo ule wa mwaka 2009, na kila lilipoungua wauzaji walirudi na kusimamisha meza upya. Wateja wake si wakazi wa Kampala peke yao. Wapo wanaonunua kwa ajili ya kuuza Juba, Goma, Bunia na miji ya mpakani upande wa Kenya.

Nguo zenyewe zina majina mengi. Waganda huziita mivumba, Wakenya na Watanzania huziita mitumba, na Wanyarwanda na Warundi huziita caguwa, neno lililotokana na Kiswahili chetu, yaani chagua. Jina hilo la mwisho ndilo linaloeleza kazi yenyewe. Anayejua kuchagua hupendeza kwa fedha kidogo, na asiyejua hurudi nyumbani na mfuko wa matambara.

Kwa nini jambo hili limhusu mfanyabiashara wa mpakani kuliko mtu mwingine? Tazama siku yake ilivyo. Usiku amelala ndani ya basi. Alfajiri anafika Kampala na kuingia Kikuubo, ambako muuzaji wa jumla humpima kwa macho kabla ya kuamua kama atamkopesha mzigo. Mchana yuko Busia, Malaba, Mutukula au Katuna mbele ya ofisa wa forodha. Jioni yuko sokoni kwake akiwauzia majirani. Nguo hiyohiyo inatakiwa istahimili safari, ilete heshima ofisini na isimzuie kubeba mzigo. Wengi wa wafanyabiashara hawa wadogo ni wanawake, nao hupimwa kwa mavazi kuliko wanaume. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na mwenye akili hujipanga.

Kujipanga huko hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji nguo chache zinazokubaliana. Chukua mashati au blauzi tatu, sketi au suruali mbili, na koti moja. Mashati matatu ukiyavaa kwa zamu na suruali mbili unapata mavazi sita. Ukiyavaa na koti au bila koti unapata kumi na mawili. Hizo ni nguo sita tu, zinazoingia kwenye begi moja dogo bila kupunguza nafasi ya bidhaa.

Hesabu hiyo hukubali endapo rangi zinapatana. Kwa nguo za chini na koti, chagua rangi tulivu kama nyeusi, bluu iliyokolea, kaki au kijivu. Rangi za kung'aa ziweke juu, kwenye shati, kilemba au skafu, kwa sababu hizo ni rahisi kubadilisha. Nyeupe huvutia mezani, lakini vumbi la barabara ya mpakani haliihurumii. Usisahau hali ya hewa: anayepitia Katuna hukutana na baridi ya milima, na anayepitia Elegu hukutana na jua kali. Sweta jepesi linalovaliwa chini ya koti humfaa mtu huyo kuliko jaketi zito atakalolibeba mkononi nusu ya safari.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Kwanza, iinue nguo kwenye mwanga wa jua, si mwanga wa taa ya kibanda. Mahali kitambaa kilipolika, mwanga hupenya. Pili, tazama sehemu zinazochakaa mapema: kola, kwapa, ncha za mikono, na katikati ya mapaja kwa suruali. Tatu, fungua na kufunga zipu mara kadhaa, kisha hesabu vifungo. Nne, igeuze nguo ndani nje uutazame mshono. Kama fundi wa awali aliacha kitambaa cha ziada kwenye mshono na kwenye pindo, nguo hiyo inaweza kupanuliwa au kurefushwa, na thamani yake kwako imepanda hapohapo. Tano, ifinye kitambaa kwa nguvu mkononi kisha ukiachie. Kikibaki na mikunjo mingi, kitakusaliti baada ya saa sita za basi.

Nguo za ndani zinunuliwe mpya. Tanzania imezipiga marufuku za mtumba kwa miaka mingi, na hata pasipo marufuku, afya haina bei ya kujadiliana. Nguo nyingine zote za mtumba zifuliwe vizuri na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa.

Wauzaji wenyewe wana daraja zao. Gikomba jijini Nairobi, nguo bora za kwanza kutoka kwenye belo huitwa kamera, na zile zinazobaki mwisho kabisa huitwa fagia. Bei ya kamera humshtua mgeni. Lakini tufanye hesabu kwa mfano tu, si kwa bei ya soko la leo. Tuseme umenunua suruali nzuri kwa shilingi 20,000 za Uganda, ukampa fundi shilingi 5,000 airekebishe kiuno na pindo. Ukiivaa mara mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja, utakuwa umeivaa mara 104, na kila mara imekugharimu takriban shilingi 240. Suruali nyingine uliyoinunua kwa shilingi 12,000 ikachanika baada ya kuvaliwa mara kumi imekugharimu shilingi 1,200 kwa kila mara. Ile iliyoonekana rahisi imekuwa ghali mara tano.

Katika hesabu hiyo, msisahau zile 5,000 za fundi. Nguo ya mtumba ilikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine, mara nyingi wa nchi nyingine. Mabega yake yakikaa sawa, mengine yote yanarekebishika: mikono ikatwe, kiuno kibanwe, pindo lipandishwe. Mabega yakizidi, iache. Kuyarekebisha ni kazi kubwa inayokula faida yote. Kwa fedha hiyo ndogo ya fundi, shati la mtu asiyejulikana huwa lako, na aliye mbele yako hawezi kujua kama limetoka dukani au kwenye belo.

Hapo ndipo kitenge kinapoingia. Katika mtaa wa Kiyembe, umbali mfupi kutoka Owino, vitambaa vimepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Si lazima ununue kitenge cha kushona gauni zima. Kipande kidogo kinatosha kutengeneza kola, mfuko wa shati, ukingo wa sketi au kilemba kinachofanana na mkoba. Nguo ya kijivu iliyokuwa haina sura hubadilika. Na mwanamke anayesafiri asiache leso nyumbani: ni blanketi ndani ya basi, mbeleko ya mtoto, pazia la kubadilishia nguo na kinga ya sketi wakati wa kupakia mzigo. Sidhani kuna vazi jingine katika ukanda huu linalofanya kazi nyingi kwa bei ndogo namna hiyo.

Kuna wanaosema kwamba kuchanganya hivi ni kupoteza utamaduni. Historia ya Kampala inawakanusha. Kanzu, ambayo leo mwanamume wa Buganda huivaa na koti kwenda kwenye kwanjula na harusi, iliingia katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani. Gomesi, vazi la heshima la mwanamke, limebeba jina la fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, anayehusishwa na ushonaji wa vazi hilo mwanzoni mwa karne ya 20. Vazi moja lililetwa na msafara wa biashara na jingine lilipita mkononi mwa fundi mhamiaji. Watu wa hapa waliyachukua, wakayarekebisha, wakayapa adabu na mahali pake, na leo hakuna anayethubutu kuyaita ya kigeni. Kukipokea kitu kilichovuka mpaka na kukifanya chako ni utamaduni wetu wa zamani.

Turudi sasa kwenye lawama. Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, walipokutana Arusha, waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Wauzaji wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na suala likahamia kwenye AGOA, mpango uliokuwa ukiruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa kwanza, kisha Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikabaki peke yake, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Agosti 2023, akiwa Mbale kufungua viwanda, Rais Yoweri Museveni alilirudisha suala hili mezani. Alitangaza kwamba mitumba itapigwa marufuku, akisema nguo hizo ni za watu waliokufa.

Sipuuzi hoja ya viwanda. Ni hoja ya kweli na yenye uchungu. Kiwanda cha Nytil cha Jinja kilianza mwaka 1954, katika mji uleule wa bwawa la umeme la Owen Falls, na vitambaa vyake vilijulikana kote katika ukanda huu. Uganda inalima pamba nzuri, lakini sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi, halafu tunanunua nguo zilizoshonwa kwingine. Kila belo linalofunguliwa lina vipande visivyofaa hata kudekia, na mzigo huo wa takataka unabaki kwetu, si kwa aliyeutuma. Mtu akisema hali hii haiwezi kuendelea milele, mimi nitamuunga mkono.

Tatizo ni kumtwisha mvaaji kosa lisilo lake. Viwanda vya Uganda vilianza kuyumba katika miaka ya 1970, wenye mitaji na ujuzi walipofukuzwa mwaka 1972 na uchumi ukavurugika, kisha vita vikafuata. Mitumba ilipokuja kujaa masokoni ilikuta mgonjwa tayari yuko kitandani. Ilimzidishia ugonjwa, ndiyo, lakini si yenyewe iliyomwambukiza.

Isitoshe, tujiulize swali moja la sokoni. Mtu mwenye shilingi 10,000 mfukoni akinyimwa shati la mtumba, atakwenda wapi? Hataenda Jinja, kwa sababu shati la bei hiyo kutoka Jinja hajaliona sokoni kwake. Atakwenda kwenye shati jipya la plastiki lililoingia kwa kontena kutoka China, linalobana jasho na kuchanika kabla ya Krismasi. Marufuku itakuwa imemhamisha kutoka kwenye pamba kuukuu iliyoshonwa vizuri hadi kwenye kitambaa kipya kibovu, huku kiwanda chetu kikiwa hakijauza hata kifungo kimoja.

Na watakaopoteza ni wengi. Belo la kilo 45 halimlishi muagizaji peke yake. Kuna mpakuaji, mchambuzi, mwenye meza, mpiga pasi, fundi cherehani, muuza chai, na wewe unayevusha mfuko wako kwenda kuuza Bunagana au Mpondwe. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kuwatukana watu hawa kabla ya kuwapa kazi nyingine ni ujasiri wa aina ambayo sitaki kuiona ikiitwa sera.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu.

La kwanza, serikali zianze na mavazi zinayoyalipia zenyewe. Nytil tayari hushona sare za jeshi la Uganda. Tuongeze polisi, wauguzi, magereza na wanafunzi wa shule za umma katika nchi zote wanachama, kwa sharti kwamba kitambaa kifumwe ndani ya Jumuiya kwa pamba ya Jumuiya. Hapo kiwanda kinapata mteja wa uhakika, na hakuna mama wa sokoni aliyevuliwa blauzi yake.

La pili, ukali uelekezwe kwenye ubora. Belo lenye matambara lirudi lilikotoka kwa gharama ya aliyelituma, na mbinu hiyo iwe moja Mombasa na Dar es Salaam. Kampala kuna mbunifu Bobby Kolade ambaye, kupitia chapa yake ya Buzigahill, anazichanachana nguo za mtumba, anazishona upya na kuziuza hukohuko zilikotoka, katika mradi alioupa jina lenye maana ya kumrudishia aliyetuma. Yeye ameonyesha kwamba ujuzi wa mafundi wetu unaweza kuuzwa ng'ambo. Forodha nazo zirudishe takataka.

La tatu, na hili ndilo linalokugusa wewe moja kwa moja, mpaka umfungukie fundi. Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya humruhusu mfanyabiashara mwenye bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, kuvuka kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa hapohapo mpakani, bila ushuru wa forodha. Mtumba haumo, kwa kuwa asili yake ni nje ya Jumuiya. Anayeuvusha ajue hivyo na abebe nyaraka za malipo ya forodha, asije akadanganywa na mawakala wa vichochoroni. Lakini gauni lililoshonwa na fundi wa Kampala lisitegemee hisia za ofisa wa zamu. Kila mpaka uwe na jibu moja lililobandikwa ukutani, kwa Kiswahili, likieleza ni nguo zipi zinakubaliwa na kwa masharti gani. Baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, kwa hiyo hakuna kisingizio cha lugha.

Mambo hayo matatu yakifanyika, mitumba itapungua yenyewe taratibu, kwa sababu shati la kwetu litakuwa limefika mezani likiwa na bei inayoshikika. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kiwanda kinachohitaji marufuku ili kipate mnunuzi hakijawa tayari kwa soko la watu zaidi ya milioni 300 ambalo Jumuiya inajivunia kuwa nalo.

Mpaka siku hiyo ifike, wewe mfanyabiashara usimwonee haya mtu. Nenda Owino mapema, kabla jua halijawa kali na kamera hazijaisha. Inua nguo kwenye mwanga, kagua mabega, mpe fundi haki yake, na ongeza kipande cha kitenge cha Kiyembe. Ukipata nafasi ya kununua kilichoshonwa hapa kwa bei unayoimudu, kinunue, maana fundi huyo ni jirani yako na kesho atakuwa mteja wako. Na kiongozi anayetaka tuvae vya nyumbani atuletee kwanza vya nyumbani vinavyovalika, kwa bei ya mtu anayelala ndani ya basi.